Kwa Nini Mama Hondohondo Hujiziba Tunduni

Zilikuwapo siku, na msitu wenyewe umeshazisahau, ambapo mama hondohondo alilalia mayai yake mlango ukiwa wazi. Tundu lake lilikuwa kama la ndege mwingine yeyote. Jua la asubuhi liliingia, upepo ulipita, na mama akichoka kukaa aliruka hadi tawi la pili, akanyoosha mabawa, akala kuyu mbili tatu, akarudi. Ninyi mnaomwona leo amezibiwa ndani ya mti kwa ukuta wa udongo, ncha ya mdomo tu ikichungulia kwenye ufa mwembamba, mnadhani aliumbwa hivyo. Hakuumbwa hivyo. Kisa chake nitakieleza kama nilivyokipokea, na sitakitia chumvi, kwa sababu tayari kina ya kutosha.

Katika msitu wa Kwemkole, kwenye miteremko ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne, kasuku na kindi waligombania tundu moja la mvule. Walipigana siku nzima, na jioni mayai matatu ya kasuku yakawa yamepasuka chini ya mti. Wanyama walilia. Wakakutana, wakakubaliana kwamba jambo kama lile lisitokee tena: kila tundu liandikwe, na kila mkazi ajulikane. Kazi ya kuandika wakawapa mchwa. Mchwa hawakuiomba. Walichaguliwa kwa kuwa hawagombani, hawalali, na wanajua kukaa kwenye mstari. Hawaoni, ni kweli, lakini wanyama waliiona hiyo kuwa sifa iliyozidi zote, maana asiyeona hatampendelea mtu kwa sura yake.

Ndivyo ilivyoanza Idara ya Matundu, ndani ya kichuguu kirefu chini ya mlima. Mwaka wa kwanza ilikuwa na karani mmoja, na mambo yalikwenda. Mwaka wa pili karani alipewa msaidizi, na msaidizi akapewa wa kumsimamia, na wale wawili wakahitaji mtu wa kupeleka habari kati yao. Ndani kabisa, kwenye chumba ambacho hakuna mwombaji aliyewahi kukifikia, alikaa Mama Mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzaa makarani, naye aliifanya usiku na mchana bila kunung'unika.

Wakati huo aliishi hondohondo mmoja wa makamo aliyeitwa Shekiondo. Alikuwa mpole, na aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka. Mkewe, Namkunda, hakuwa na imani hiyo, lakini alimpenda mumewe pamoja nayo. Walipopata tundu zuri kwenye mvule mkongwe, Namkunda akataga mayai mawili, na Shekiondo akaenda kuliandikisha tundu kama sheria ilivyotaka. Dirishani aliulizwa jambo moja tu: wakazi wangapi?

Sasa, kwa desturi ya hondohondo, mtoto huhesabiwa tangu yai linapogusa sakafu ya tundu. Hawasemi "tuna mayai mawili." Husema "tuna watoto wawili, bado hawajaamka." Kwa hiyo Shekiondo alijibu kwa moyo mweupe: wanne. Karani akaandika wanne. Huo ndio mkasa wote. Yaliyobaki ni matokeo yake.

Baada ya siku sita mkaguzi alipanda mvule, na nyuma yake mafundi wa udongo mia mbili, kwenye mstari. Aliingia tunduni akapitisha papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani ambazo mchwa huzitumia badala ya macho. Akamgusa Namkunda. Akamgusa Shekiondo, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Midomo miwili," alisema. "Fomu inasema wanne."

"Wengine wawili wamo kwenye mayai," alisema Shekiondo. "Gusa hapo, utasikia joto."

Mkaguzi aligusa. "Hili ni jiwe la mviringo."

"Ni mtoto."

"Mtoto ana mdomo, bwana. Mimi nahesabu midomo. Joto lina idara yake."

Kanuni ilisema kwamba idadi isipolingana, tundu lizibwe kwa muda mpaka ilingane, na uachwe ufa wa ukaguzi wenye upana wa ncha ya mdomo. Shekiondo aliuliza muda huo ni muda gani. Mkaguzi alisema ni muda. Namkunda alipoombwa kutoka ili mafundi wafanye kazi, alisema hatoki, mayai yatapoa. Mkaguzi alilifikiria jambo hilo, akasema kanuni haisemi lazima atoke, wala haisemi asitoke. Inasema tundu lizibwe. Kufikia alasiri ukuta ulikuwa umesimama. Wasije wakasemwa kwa lisilo lao, mafundi wale waliulainisha kwa ndani usimkwaruze mama wa watu.

"Nenda basi ukawaeleze," Namkunda alisema kupitia ufa. "Wewe si ndiye mwenye kueleza?"

Akaenda. Dirisha la idara lilikuwa karibu na ardhi, kwa kimo cha mchwa, hivyo kila mwombaji ilimbidi ainame. Shekiondo, na mdomo wake mkubwa vile, aliinama mpaka kifua kikagusa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Eleza."

Shekiondo alieleza tangu mwanzo, kwa utaratibu, bila kumlaumu mtu. Karani, ambaye alikuwa mzee na mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hili ni jepesi," alisema. "Hao wawili wanaopungua waje hapa dirishani, niwapapase midomo, tumalize leo leo."

"Hawajaanguliwa."

"Wakianguliwa waje."

"Tundu limezibwa, mzee. Watatokaje?"

"Lizibuliwe."

"Nani wa kulizibua?"

"Sisi. Idadi ikishalingana."

Papasi za karani zikatikisika kidogo, kama za mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili. "Naona unapoelekea," alisema kwa huruma. "Ngoja nikuanzishie jalada."

Jalada lenyewe lilikuwa jani kavu la mkuyu, jepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Siku ya kwanza karani mmoja alilibeba peke yake kuingia ndani. Lakini mhuri wa mchwa ni mate na udongo, na kila mchwa aliyepitiwa na jalada alilipiga mhuri kuonyesha kwamba amelipitia. Siku ya tisa lilibebwa na wanne. Siku ya kumi na tano walikuwa thelathini, na halikupita tena mlangoni, basi likaachwa lilipo, chumba kikajengwa kulizunguka, na makarani wakawa wanalifuata huko huko kulipiga mihuri. Ndani ya bonge lile jani lilikuwa limeshaoza. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulisoma.

Nje ya dirisha, kwenye kivuli cha kichuguu, alikaa Kakakuona. Alikuwa mtu wa elimu. Miaka saba nyuma alikuja kuomba kibali cha shimo, na alipochoka kusubiri aliamua kukichunguza kile kinachomsubirisha. Alikuwa na vijiti vya kupimia kivuli na kokoto za kuhesabia, na ardhi mbele yake ilijaa alama.

"Mjomba," Shekiondo alimwuliza siku moja mstari uliposimama, "umepata nini katika miaka yote hii?"

"Kanuni tatu. Ya kwanza: jalada lililotulia litabaki limetulia, na linalokwenda linakwenda kutafuta pa kutulia. Ya pili: uzito wa jalada hautokani na maneno yaliyomo, unatokana na mikono iliyolishika. Hata likiwa tupu litazidi kuwa zito. Ya tatu: kila swali unalouliza huzaa swali lenye nguvu sawa na lako, likielekea kwako."

"Hiyo ya tatu umeijaribu?"

"Ijaribu wewe."

Shekiondo akainama dirishani. "Jalada langu limefika wapi?"

"Wewe umefika lini?" sauti ikamrudia kutoka ndani.

Kakakuona aliongeza mstari mmoja mavumbini. "Mara ya mia nne na kumi na mbili," alisema. Hakuonekana kufurahi kwamba yuko sahihi.

Shekiondo akasema alichokuwa anaona haya kukisema. "Watu wanasema wewe huwa unawala."

"Nawala. Na hilo nililianza kama utafiti. Nilidhani wakipungua, kazi itakwenda. Nimekula makarani elfu sita, kwa hesabu ya chini. Kila niliyemla aliacha nafasi wazi, na kila nafasi wazi ikahitaji watatu wa kuikaimu na mmoja wa kuwasimamia. Kichuguu kilikuwa kinafika kwenye goti la tembo nilipokuja. Sasa kitazame." Akameza mate. "Siku hizi nakula kwa njaa tu, ndugu yangu."

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, na mikuyu yenye matunda ilikuwa ng'ambo ya bonde la pili. Mwombaji aliyetoka kwenye mstari alirudi mwisho. Shekiondo alikwenda kutafuta kuyu alfajiri, akampa mkewe kupitia ufa, akakimbilia dirishani, akarudi kwake jioni. Namkunda hakuwa akiruka, na mwili usioruka huyaacha manyoya. Manyoya marefu ya mabawa yalimtoka moja moja, akawa anayasukuma nje kupitia ufa ili watoto wapate nafasi. Shekiondo aliyakuta chini ya mti kila alipofika. Mwanzoni aliyaokota akayapanga juu ya tawi, kama kwamba yangeweza kurudishwa. Baadaye aliacha.

Kisha watoto wakaanguliwa, wote wawili. Shekiondo alisikia sauti zao usiku akiwa juu ya tawi, na kulipopambazuka alifika dirishani kabla halijafunguliwa.

"Wameamka, mzee. Wana midomo."

"Hongera sana," alisema karani, na alimaanisha. "Nampeleka mkaguzi. Ila kaa hapa hapa kwenye mstari mpaka aondoke. Mwombaji asipokuwepo anapoitwa, jalada linafungwa."

"Ataondoka leo?"

"Anaandaliwa."

Shekiondo alikaa. Alijua kwamba tumboni mwa mkewe hamna kitu tangu jana, na kwamba tangu alfajiri kuna midomo miwili zaidi inayoomba. Alijua pia kwamba mkaguzi akifika leo, ukuta utavunjwa leo, na Namkunda ataona jua. Alizipima njaa ya siku moja na ukuta wa siku zote, akaona njaa ndiyo nyepesi. Mtu yeyote mwenye akili angepima vile vile. Siku ya kwanza mkaguzi alikuwa anaandaliwa. Siku ya pili alikuwa ameandaliwa, anasubiri wa kumwambia kwamba ameandaliwa. Siku ya tatu jioni karani alisema mkaguzi yuko njiani, na Shekiondo akaruka kwenda nyumbani, koo lake likiwa na kuyu nne alizookota gizani.

Alizipitisha kwenye ufa moja moja. Ndani alisikia sauti ya mtoto mmoja ikila.

"Na mwingine?" aliuliza.

"Mdogo hajaamka," alisema Namkunda. "Tangu adhuhuri."

Shekiondo aliingiza ncha ya mdomo wake kwenye ufa, na Namkunda akaweka wake juu yake. Walikaa hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na la kumwambia mwenzake ambalo lisingekuwa lawama, nao hawakutaka kulaumiana.

Mkaguzi alifika siku iliyofuata, saa tano, na mafundi wake kwenye mstari. Aliingiza papasi kwenye ufa, akagusa huku na huku.

"Midomo miwili," alisema. "Kama mwanzo. Fomu inasema wanne."

"Mimi hapa ni wa tatu," alisema Shekiondo.

"Wewe uko nje, bwana. Nahesabu walio ndani."

"Nitaingiaje, na ninyi mmeziba?"

"Hilo ni kweli," alisema mkaguzi, na kwa muda alisimama akiwaza kwa uaminifu, maana hakuwa mtu mbaya, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Lakini wazo lile halikuwa na pa kuandikwa, likampita. "Na wa nne?"

"Amekufa. Jana."

"Pole sana."

"Ahsante."

"Basi itabidi afutwe, ili fomu ipungue. Ila anayefutwa ni aliyeandikwa, na yeye kwa jina hajaandikwa popote. Aandikwe kwanza. Kwa hiyo aje dirishani akapapaswe..." Mkaguzi alisikia maneno yake mwenyewe. Papasi zake zililala. Kisha akateremka mti polepole, na mafundi mia mbili wakageuka mmoja mmoja wakamfuata, wakiwa na udongo wao uleule.

Shekiondo alianza kukunjua mabawa.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Namkunda.

"Dirishani. Nikimweleza karani hili la kuandikwa na kufutwa, ataona. Yule mzee ana huruma."

"Mwenye mdomo amebaki mmoja, baba watoto, na ana njaa. Usiende."

"Nisipokwenda, jalada litafungwa."

"Lifungwe. Leta kuyu."

Alisimama pale juu ya tawi kwa muda mrefu. Waliokisimulia kisa hiki kabla yangu husema kwamba hapo ndipo Shekiondo alipozeeka. Maisha yake yote alikuwa ameshika jambo moja, kwamba mahali fulani, kwenye chumba fulani, yuko mmoja ambaye akielezwa ataelewa. Sasa alitakiwa kuliacha jambo hilo ili mtoto ale. Akaliacha. Aliruka juu ya kichuguu bila kushuka, na chini alisikia jina lake likiitwa dirishani, mara tatu, kwa upole.

Kuanzia hapo hakufanya kazi nyingine. Alijaza koo kuyu ishirini kwa safari moja, akavuka mabonde mawili, akazitema moja moja kwenye ufa, akarudi. Alikonda yeye, mtoto akanenepa. Manyoya ya Namkunda yakaota upya. Asubuhi moja, mtoto alipokuwa anaanza kukanyaga mgongo wa mama yake kwa kukosa nafasi, Namkunda aligonga ukuta kwa mdomo.

"Mama watoto, bado hawajaruhusu," alisema Shekiondo.

Namkunda aligonga tena. Udongo ulikuwa umekauka tangu zamani, ukamomonyoka vipande vipande, na kabla ya adhuhuri alikuwa nje, amefumba macho kwa ukali wa jua. Walikaa juu ya tawi, wote watatu, wakimsubiri mkaguzi na adhabu yoyote atakayokuja nayo. Siku ile hakuja mtu. Kesho yake pia. Mwezi ukapita. Kule chini kichuguu kiliongezeka chumba kimoja.

Ukuta ule haukuwa na mlinzi. Haukuwahi kuwa naye. Wangeweza kuuvunja siku ya kwanza. Shekiondo alilijua hilo, Namkunda akalijua, na katika maisha yao yote hawakulizungumza, kwa ajili ya yule mdogo.

Msimu uliofuata walipata tundu jingine, kwenye mti mwingine, mbali na kule. Namkunda aliingia, akajizungusha, akakaa. Shekiondo alimsikia akiita.

"Leta udongo."

"Wa nini?"

"Watakuja. Wakija wakute kazi imekwisha, hawatahesabu mtu. Na safari hii ufa nitauweka mimi, niuelekeze kwenye mkuyu."

"Na wasipokuja?"

Namkunda alikuwa ameshaanza kupima pa kuweka ufa. "Leta tu," alisema.

Akaleta. Yeye akakanda kwa nje, mkewe akakanda kwa ndani, mpaka wakabaki wanaonana kwa ncha ya mdomo. Na yule mtoto wao wa kwanza, aliyelelewa nyuma ya ukuta, alipopata mke hakungoja kuambiwa. Alikwenda mtoni akarudi na udongo mdomoni. Hakuwa na woga wa mtu yeyote. Alidhani nyumba ndivyo zilivyo.

Tangu msimu ule mpaka huu tulio nao, mama hondohondo akitaka kutaga hujiziba. Humwaga manyoya yake gizani, hupokea chakula kwenye ufa, na dume huenda na kurudi kutwa nzima, koo limejaa kuyu. Wasimulizi wengine husema anamkwepa nyoka, wengine tumbili, na huenda siku hizi ukuta unamfaa kwa hao pia. Jambo likikaa sana hujipatia sababu. Mchwa nao wamesahau walichokuwa wakiandika, ila bado kila wanachokigusa hukipaka udongo, na bado wanajenga. Hakuna anayemhesabu hondohondo tena. Hakuna mkaguzi njiani. Ukipita Kwemkole mvua zinapokaribia utamwona dume akitua mtoni, akiinama kwenye tope mpaka kifua kiguse ardhi, kisha akiruka kwenda kwa mkewe, anayemngoja mlangoni kwa utulivu ili aanze kumzibia.